Kaa Wapimwe Bila Kamba

Tabora, 28 Juni 2024

Mpwa wangu Mwanahalima,

Leo natimiza miaka thelathini na moja tangu nitoke Mbuchi. Nimehesabu kwa kalenda, si kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu ya mzee ni tenga bovu: hubakiza vikubwa, vitamu vikadondoka njiani. Nilipanda mtumbwi asubuhi, maji yakitoka, nikiwa na sanduku moja la bati na redio isiyo na betri.

Huku hatujambo. Mke wangu Rukaiya anakusalimu. Goti lake la kushoto hutabiri mvua vizuri kuliko redio, ingawa mwaka huu limetudanganya mara mbili. Mimi nimebakiwa na meno tisa, na kwa kuwa hayatazamani, ni sawa na kuwa na manne. Mama yako, dada yangu Biasha, yu mzima? Sitegemei anisalimu. Kwa miaka yote hii hajanitumia hata kikohozi. Wewe mfikishie salamu zangu, kisha uniandikie uso wake ulifanya nini.

Ujumbe wako ulifika kwenye simu ya Rukaiya, nao ulikuwa na maneno manne: “Mjomba kaa wanakufa kizuizini.” Nikasema mtoto wa dada yangu ama yuko rumande, ama ameanza kutunga mashairi. Niandikie barua. Kwenye simu sisikii, sikio la kulia lilistaafu siku moja na mimi, na ulishaniambia kuwa kwenu mtandao unapatikana penye kisima tu, ambapo kila anayeteka maji huchangia mazungumzo. Barua mpe Gharibu, konda wa basi la huku. Mama yake ni wa Mbwera. Barua zangu hunipa bila kuzifungua, na akizifungua, huzifunga vizuri.

Andika kwa utaratibu: nani, wapi, siku gani, kaa wangapi. Mimi nilikuwa karani wa mambo ya samaki, na karani hafi, huwekwa kabatini.

Mjomba wako,
Mshamu Haidari


Mbuchi, 19 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Sote tu wazima. Hemedy kaka yangu amepata mtoto wa kike, wamempa jina la bibi. Mpunga ulikuwa mzuri, nguruwe pori nao waliusifia, wakaja na ukoo mzima.

Mama nilimfikishia salamu. Alikuwa anapepeta mchele. Akaacha, akatazama ungo, akaendelea kupepeta. Ulitaka uso wake: ndio huo, alimpa ungo.

Sasa sikiliza. Sisi ni wanawake saba tunaofanya kazi ya kaa. Maji makubwa ya bamvua yakitoka tunaingia mikokoni na fimbo zenye ndoano, tunawatoa mashimoni, na wa wavuvi wengine tunawapokea. Tunawafunga magando kwa kamba zetu za majani ya mwaa, tunawapanga kwenye matenga, tunawafunika magunia mabichi, tunawapeleka wakiwa hai. Kaa aliyekufa hana mnunuzi, ni uvundo tu. Boti, kisha bodaboda mpaka Kibiti, kisha gari la Dar. Na katikati ya njia pana kizuizi, na kizuizini yumo Bwana Abdulatifu.

Ni kijana msafi, simsingizii. Haombi kitu, hata soda hanywi ya mtu. Tatizo amezaliwa huko bara milimani, na kaa wa kwanza kumwona maishani alimwona akiwa kazini.

“Mama, fungua kamba.”

“Nifungue za nini, baba? Kibali hiki hapa. Leseni hii hapa. Na karatasi hii inasema kaa wangu wana afya kuliko mimi.”

“Kaa wapimwe mmoja mmoja bila kamba. Imeandikwa ukutani.”

“Ukiwafungua watapigana.”

“Wapigane kwa sababu gani?”

“Hawahitaji sababu. Wamekaa na majirani siku mbili.”

Akafungua mwenyewe. Wa kwanza alimng’ang’ania pindo la suruali. Wa pili alichukua kalamu, na mpaka naondoka alikuwa bado nayo. Waliobaki wakageukiana. Mjomba, jua la saa saba, sakafu ya saruji, kaa mia na themanini wakikatana magando! Kaa asiye na gando, mnunuzi humtazama kama bwana harusi aliyefika bila mikono. Wa chini ya kipimo hakupatikana hata mmoja. Bwana Abdulatifu akanishukuru kwa ushirikiano, akanigongea muhuri. Nikaingia Dar na wazima arobaini.

Huo ni mzigo wa tatu kuharibika tangu aletwe yeye. Afisa wa zamani karatasi ile ya ukutani alikuwa akiitundikia kofia. Wenzangu wamechoka. Tukipoteza miwili mingine kikundi kinavunjika, kila mtu anarudi kwenye mpunga na nguruwe wake.

Wewe ulifanya kazi hiyo. Niambie: amri hii imetoka wapi, na nani anaweza kuiondoa?

Mpwa wako,
Mwanahalima


Tabora, 24 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongereni kwa mtoto. Kumpa jina la bibi yenu ni ujasiri; mama yetu alikuwa na mdomo wa kupasua nazi, mtoto msimlaumu akianza kuongea kabla ya kukaa.

Huku mvua bado. Goti la Rukaiya limenyamaza kabisa, tunaliogopa.

Habari za kizuizi nimezisoma mara tatu. Nilicheka nilipofika pale pa kalamu. Baada ya hapo sikucheka. Ngoja nikueleze jambo ambalo Bwana Abdulatifu mwenyewe huenda halijui. Kipimo cha chini kimewekwa ili kaa wadogo wabaki mikokoni wazae. Hilo ni jema, na wewe unalijua kuliko walioandika. Lakini kamba ya mwaa ikilazwa kwenye tope usiku kucha hunywa maji kama ngamia. Kaa mtoto akifungwa kamba nene ya namna hiyo, hufika mizanini mtu mzima. Zamani kulikuwa na watu hapo Mbuchi walionenepesha kaa kwa kamba tu, bila kumlisha punje. Walikuwa hodari. Sitawataja, wengine bado wanapepeta mchele.

Kwa hiyo amri ina maana yake, hata kama inatekelezwa na mtu anayedhani kaa ni karanga. Ushauri wangu: mfike kizuizini alfajiri kabla ya jua. Mwombe akipima mmoja amrudishie kamba kabla ya kufungua mwingine. Muwe wapole. Kanuni ni kanuni.

Unauliza imetoka wapi. Hayo ni mambo ya zamani, na karatasi nyingi za ofisi yetu zililiwa na mchwa.

Msalimie mama yako. Au usimsalimie, pita tu karibu naye na barua hii mkononi.

Mshamu


Mbuchi, 11 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Goti la shangazi likisema neno, tujulishe.

Nilipita karibu na mama na barua mkononi. Akaniambia: “Karatasi hiyo haina hata mafuta ya taa ya kuwashia moto?” Nikamwambia ni ya mjomba. Akasema: “Ndiyo maana nimeuliza.”

Tulifika alfajiri kama ulivyoshauri. Bwana Abdulatifu anafungua ofisi saa mbili. Tulikaa na matenga yetu nje mpaka jua lilipotukuta, wapole sana. Akapima mmoja, nikamwambia mrudishie kamba. Akajaribu kumfunga mwenyewe. Mjomba, mtu yule alimfunga kaa kama anayefunga zawadi. Kaa alimwacha amalize, kisha akamshika kidole gumba. Sasa ana bandeji, na hasira, na anafungua wote kwa pamoja. Mzigo wa nne umekwenda na maji. Biasha Mdogo, yule jirani yetu, na dada yake wamejitoa. Tumebaki watano.

Basi, alipokuwa akitafuta dawa ya kidole nilipata nafasi ya kuisoma karatasi ya ukutani kwa utulivu. Imo kwenye fremu ya kioo, imekuwa rangi ya chai. Haikupigwa chapa, imeandikwa kwa mkono. Nikaanza kusoma, na nilipofika neno “kamba” nikasogea karibu. Ile “k”, mjomba. Ile “k” yenye mkia wa kenge. Nikatoa barua yako kwenye mkoba, nikaiweka juu ya kioo. Mikia ilikuwa ya kenge mmoja.

Inasema: “Kaa hai wapimwe mmoja mmoja bila kamba. Akipatikana wa chini ya kipimo, shehena yote izuiwe.” Chini yake pameandikwa: “Hili ni”. Halafu ubao wa fremu unaanza. Nilimwomba Bwana Abdulatifu aitoe kwenye fremu tuone, akaitoa, maskini, kwa mkono mmoja. Chini hakuna kitu. Aliyeitia kwenye fremu aliikata ienee.

Nikamuuliza: “Hapa palikuwa na maneno. Huoni?”

Akasema: “Karatasi ikikatika, mama, ninatii iliyobaki.”

“Na nikimleta aliyeiandika?”

“Huyo akija akasimama hapa na kusema vingine, nitamsikiliza. Nitashukuru, hata mimi kidole kinaniuma.”

Kwa hiyo mchwa wako, mjomba, hawakula kila kitu. Njoo. Basi ni siku mbili. Na kama huji, basi nimalizie sentensi.

Hili ni nini?

Mwanahalima


Mbuchi, 20 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Gharibu anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, halafu ukakaa. Anasema pale hapakuwa na kiti.

Mama nilimuuliza. Alisema neno moja tu: kuna mwaka kaa walikufa. Nikamuuliza waliuawa na nani. Akaniambia nikakoleze moto, na moto ulikuwa unawaka.

Mimi sitafuti ugomvi wa wazee, mnaweza kuendelea nao mpaka kiyama mkikutana. Bamvua kubwa ni katikati ya Novemba, tutakuwa na mzigo wa mwisho. Tukifika Dar nao mzima, kikundi kinaishi. Ukiishia pale sakafuni kama mingine, wenzangu wameshasema basi, na mimi nimeshasema basi. Nina miaka arobaini na mitatu, sijui kazi nyingine isipokuwa kaa.

Andika tu. Hata tusi.

Mwanahalima


Tabora, 4 Novemba 2024

Mwanahalima mwanangu,

Marahaba. Mvua imenyesha. Goti halikusema lolote; Rukaiya amelitia kwenye orodha ya waliostaafu.

Uliomba nimalize sentensi. Inasema: “Hili ni jaribio la siku kumi na nne, kuanzia tarehe 3 Juni 1993. Likishindwa lifutwe.”

Haikuwa sheria, mwanangu. Sheria ni kipimo, na kipimo kipo mpaka leo. Kufungua kamba lilikuwa wazo langu mimi, karani wa miaka thelathini na tisa mwenye kalamu mpya. Ujanja wa kamba nilikuwa naujua kwa sababu ni wa nyumbani kwetu. Mama yetu aliubuni, Biasha akaukamilisha, na mimi nilizilaza kamba hizo kwenye tope kwa mikono yangu tangu nikiwa na miaka sita. Mkubwa wangu aliniuliza: “Hawa watu wa kwenu wanatuzungukaje?” Ningeweza kusema sijui. Nikasema najua, na nikaona raha kujua.

Siku ya tatu ya jaribio alikuja Biasha. Matenga sita, kaa mia mbili na kumi na wawili, wote wamefungwa lile fundo lake. Ukivuta ncha linafunguka hata kwa mtoto. Kulirudisha hawezi ila aliyefundishwa. Watu walikuwa wengi kizuizini. Nikamwambia afungue. Akasema kwa sauti ya chini, ili asiniaibishe: “Pima mgongo, Mshamu. Mgongo haulowi.”

Uone akili hiyo. Kaa mkubwa ana mgongo mpana, mdogo ana mwembamba, na hakuna tope wala kamba ya kuupanua. Kijiti kilichokatwa kwa upana wa kaa aliyefika kipimo kingetosha. Nililiona jambo hilo palepale kuwa ni kweli. Nikajibu, na nimelikumbuka jibu langu kila nilipoamka tangu siku ile: “Dada, hapa mimi si Mshamu. Mimi ni ofisi.”

Akasema: “Basi, ofisi, fungua mwenyewe.”

Nikafungua. Mia mbili na kumi na wawili, tangu saa nne mpaka adhana ya Alasiri. Nilijua namna ya kuwafunga tena, aliyenifundisha alikuwa amesimama mbele yangu, lakini ofisi haifungi kaa. Wakakatana. Wa chini ya kipimo walikuwa kumi na tisa, kwa hiyo nilikuwa na haki, na shehena yote nikaizuia. Wazima niliandika ishirini na wanane. Biasha akaokota kamba zake sakafuni, moja moja, akazikusanya kwenye tenga tupu, akaondoka. Nilingoja tusi. Kwetu mtu akikutukana bado mlango uko wazi. Hakunitukana.

Usiku huohuo niliandika chini ya tangazo: “Jaribio limeshindwa. Lifutwe.” Nikatia saini. Kilichobaki kilikuwa kupeleka karatasi kwa mkubwa na kubandua nakala ukutani. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini kuipeleka kulitaka nieleze kilichotokea, na kwa nani. Nikaomba uhamisho badala yake. Nakala nikaiacha ukutani, asili nikaitia kwenye sanduku la bati. Kwa hiyo amri iliyoua mizigo yako minne iliendelea kuishi kwa sababu moja tu: aliyeifuta alikimbia na kufutwa kwake.

Ndiyo maana niliposoma ujumbe wako wa maneno manne nilijua, nikajifanya sijui. Mambo ya mchwa yalikuwa uongo. Mchwa hawakugusa kitu.

Karatasi yenyewe hii hapa, nimeitia humu. Mpe Bwana Abdulatifu. Mimi mstaafu sina mamlaka hata juu ya kuku wangu, lakini saini hii ni ya mwaka niliokuwa nayo. Mwambie pia habari ya kijiti, na mwambie wazo ni la Biasha binti Haidari.

Nyuma ya karatasi kuna hesabu ya siku ile: jina la mama yako, matenga, kaa, wazima. Nilikaa wiki tano natafuta namna ya kukupa mbele bila kukupa nyuma. Haipo.

Mshamu


Mbuchi, 29 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo, na shangazi shikamoo yake, na goti pole.

Sisi wazima. Mtoto wa Hemedy ameanza kuongea kabla ya kukaa. Ulituonya.

Bwana Abdulatifu aliisoma karatasi mbele na nyuma, akaipeleka juani kutazama kama wino ni wa kweli. Akasema hawezi kuamua peke yake, akapiga simu, akapigiwa, akaandika, akajibiwa. Siku tisa. Mzigo wa bamvua ukawa umefika, tukamkuta hana jibu bado. Nikamwambia: “Baba, utatii iliyobaki, au utatii iliyopatikana?” Akatazama kidole chake. Kisha akachukua kijiti.

Kaa mia mbili na kumi. Akawapima mgongo mmoja mmoja, wamefungwa, wametulia kama mahujaji. Sita hawakufika, nikawarudisha kwenye kapu la kurudi mikokoni, na sikuona haya. Watatu kati yao walikuwa na kamba nene kidogo. Usiniulize.

Tuliingia Dar na wazima mia mbili na wawili. Wale wawili waliojitoa wamerudi, wanasema walikuwa wamekwenda kupumzika tu.

Jibu la wakubwa lilikuja baadaye: karatasi ibanduliwe. Ukutani imebaki alama nyeupe ya mraba, safi kuliko ofisi nzima. Ameandika nyingine ya kupima mgongo. Nimemwambia tarehe ya kwisha kwake aiandike juu kabisa, ili fremu ikikata chini, ikate salamu.

Sasa ya mama. Nilimsomea barua yako yote, alikuwa anasuka kamba. Hakusimamisha mkono. Nikafika nyuma ya karatasi: “Biasha Haidari, matenga sita, kaa mia mbili na kumi na wawili, wazima ishirini na wanane.”

Mkono ukasimama.

“Ngapi?”

“Ishirini na wanane, mama.”

“Walikuwa thelathini. Wawili niliwatia kwenye kanga nikapita nao mbele ya macho yake.” Akasonya. “Karani gani huyo?”

Mjomba, miaka thelathini na moja, na hilo ndilo tusi lake la kwanza kwako. Halafu akauliza: “Gharibu anaondoka lini?”

Asubuhi yake aliingia mikokoni mwenyewe, na miguu ile yake ya uzee. Kilichomo kwenye katoni hii ya sabuni amekifunga kwa mkono wake. Hakusema ni cha nani. Aliniambia tu nitoboe matundu.

Njoo kabla ya mfungo. Nimekutengenezea kitanda chumba cha uani, kile kisichovuja sana.

Mwanahalima


Tabora, 2 Januari 2025

Mpwa wangu Mwanahalima,

Marahaba. Hapa tu wazima watatu: mimi, Rukaiya, na kaa.

Gharibu aliiteremsha katoni kwa mikono miwili, akiwa ameiweka mbali na tumbo. Anasema njia nzima ilikuwa ikikwaruza, na abiria mmoja alihama kiti Dodoma. Kabla ya yote, niruhusu nikukumbushe kuwa mmesafirisha kaa hai mikoa sita bila kibali, bila leseni, bila karatasi ya afya, kwenda kwa mtumishi mstaafu wa idara. Mkikamatwa siwajui.

Nilifunua gunia. Alikuwa hai, amenikazia macho, na juu ya magando yake fundo la Biasha, ncha imetazama juu, tayari kuvutwa. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Majirani wakaja. Huku kaa hajulikani. Mzee mmoja aliniuliza kama ni buibui wa Kiarabu.

Kisha nikafanya nitakalokueleza, nawe usimwambie mama yako haraka, mpe kwanza maji. Nilikwenda kuazima mizani dukani. Nikavuta ncha, kamba ikafunguka, nikampima bila kamba. Hakufika kipimo. Nikampima pamoja na kamba: akafika. Nikaishika ile kamba, nzito, ina tope la Mbuchi ndani ya nyuzi, limesafiri siku mbili na halijakauka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Rukaiya akaja kuniangalia, na alipoona kaa yuko chini hana kamba, akatoka, na hajaingia tena jikoni mpaka leo.

Nikataka kumfunga. Mwanahalima, nilijaribu tangu Adhuhuri mpaka Alasiri. Mkono unakumbuka pa kuanzia, unazungusha gando la kulia, la kushoto, unapita mgongoni, halafu unasimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Sasa kaa anaishi nyuma ya mtungi. Namwekea maji ya chumvi, hayanywi. Nikimsogelea hunyanyua magando yote mawili, kama mtu wa kwetu anayekataa mjadala. Nimefahamu kuwa atakufa, kwa kuwa huku hakuna bahari ya kumrudishia, na nimeamua kuwa nitamla kwa heshima, na yale meno tisa, kabla hajafa kifo cha bure. Hilo nalo ni kosa, hakufika kipimo.

Mfikishie mama yako maneno haya, na safari hii usiangalie uso wake, uwe umeshatoka. Mwambie kanga niliiona. Ilikuwa ya njano, ina mipapai, na upande wa kushoto ilikuwa inatembea. Nilihesabu thelathini, nikaandika ishirini na wanane. Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo hesabu pekee niliyoidanganyia serikali, na ndiyo pekee nisiyoijutia.

Kitanda cha chumba cha uani mpe mtoto wa Hemedy, akianza kukaa. Usiniulize sababu kila bamvua. Nitakueleza mara moja tu. Nina miaka sabini. Biasha amenisamehe tukiwa na siku mbili za basi katikati yetu, na nikimkaribia huenda akakumbuka vizuri zaidi. Karatasi niliyoiacha ukutani imebanduliwa, mtumbwi niliopanda umeshakuwa kuni, na fundo limenitoka mkononi. Mwanetu, aliyezaliwa na kufia huku, kaburi lake liko huku. Rukaiya yuko huku, nje ya jikoni.

Kamba nimeilaza kwenye bakuli la maji isikauke. Mimi Mbuchi sitarudi.

Mjomba wako,
Mshamu Haidari